Mchemraba Ndani ya Mchemraba

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami kijana, fundi wa kukereza chuma kwenye karakana ya shamba la mkonge nje kidogo ya Voi. Sijawahi kuchukia mahali kama nilivyopachukia pale. Kufikia saa nne asubuhi mabati yalikuwa yanachemsha ubongo, na mashine ilinguruma mpaka unalala ukiisikia. Kwetu Mghange, juu milimani, saa hiyo ukungu ulikuwa bado haujaondoka mashambani.

Nilitaka kurudi nikalime, basi. Kilichonizuia ni hasira ya baba. Nilipoiacha mifugo yake na kushuka kutafuta mshahara, hakunigombeza. Alinyamaza, na kwetu Wadawida kunyamaza kwa mzazi ni kubaya kuliko fimbo. Hasira ikikaa moyoni mwa mzazi humfuata mtoto, mazao yakakataa na tumbo lisitulie. Dawa yake ni kutasa: mzazi hupiga funda la maji au la pombe ya miwa, humpulizia mtoto mwilini, na kutamka maneno ya kuitoa hasira na kumbariki. Kanisani walitukataza, nyumbani tuliendelea. Bila hilo nisingethubutu kutia jembe katika ardhi yake.

Kwa hiyo nilihitaji likizo. Niende, baba anitasie, nimwombe kipande cha shamba, nisionekane tena Voi. Kuondoka bila ruhusa kulikuwa ni kutoroka, na siku zile mtoro alifuatwa na polisi mpaka jikoni kwa mama yake.

Msimamizi wetu alikuwa Kalasinga mmoja mzee aliyenifunza kazi yote niliyoijua. Alinipenda kama mtu anavyoipenda nyundo yake.

"Wewe kwenda, nani kereza?" aliniuliza kila nilipoomba. Na kweli, hakukuwa na mwingine.

Siku moja meneja Mzungu aliingia na picha. Ilionyesha mchemraba wa chuma wenye tundu la duara kila upande, na ndani yake mchemraba mdogo unaochezacheza, usio na njia ya kutoka. Haukuunganishwa popote. Yote miwili ilitoka katika pande moja la chuma.

"Tengeneza hii," alisema, "mimi toa likizo."

Niliishika kazi hiyo kwa pupa. Unachonga kwanza pande lenye nyuso sita zilizo sawa kabisa, maana ukikosea kwa unene wa unywele huko mbele utaumbuka. Kisha unatoboa kila uso kwa kina kilekile, na kwa kisu kilichopinda unakata kwa ndani, pembeni, mpaka mikato ya nyuso zote ikutane. Hapo kichemraba cha ndani huachana na ganda lake. Hatari iko kwenye uso wa mwisho. Kile cha ndani kikilegea wakati mashine inazunguka, kinakibana kisu na kuharibu kila kitu. Kalasinga alikuwa amejaribu kuziba matundu kwa mbao akashindwa. Mimi niliyajaza nta ya nyuki, niliyoletewa na jirani yangu wa Rukanga. Ilikishika kile kidogo kimya mpaka mkato wa mwisho, nami nikaiyeyusha kwa maji moto. Kitu kikaanza kulia mkononi, kwa! kwa! Nilifurahi, sitaficha.

Meneja alifurahi zaidi. Akakiweka mezani kwake, wageni wake wakakigombania, na kila mgeni akataka chake.

"Ingine kwanza," aliniambia. "Likizo badaye."

Nikatengeneza kingine, na kingine. Wahenga husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Laiti ningekuwa mgema! Kuna asubuhi niliamka nimeazimia kuharibu makusudi, waone mkono wangu umekwisha, waniachilie. Nikafunga chuma kwenye taya za mashine, nikakisogeza kisu mahali pasipo pake, na mkono ukakataa. Ukakirudisha wenyewe pale pale panapotakiwa. Niliusonya mkono wangu mwenyewe kama mtu anayemsonya jirani mbaya.

Mara habari ikaja kwamba baba anaumwa. Nikaomba tena, nikaambiwa kesho. Sikulala vizuri tena. Niliogopa atakufa na ile hasira, nami nibaki nayo.

Lakini baba alikuja mwenyewe. Alishuka na lori la mboga, akatembea kutoka stesheni, na askari wa lango akamleta hadi karakana. Alikuwa amekonda, shati limelowa jasho. Kalasinga alizima mashine kwa heshima na kumpa maji katika kikombe chake cha shaba. Baba hakuyanywa. Alikichukua kimoja cha vile vichuma, kilichokuwa juu ya meza yangu, akakitikisa sikioni, akakigeuza, akachungulia matunduni.

"Kumbe ni kweli," alisema kwa Kidawida. "Dereva wa lori alituambia huko kwetu, nikadhani anatania."

Niliona bado ameyashika yale maji, nikaelewa. Alikuwa amekuja kunitasia. Ningefunguliwa pale pale, na wiki hiyo hiyo ningetoroka, polisi au hakuna polisi.

Baba alipiga funda, akanipulizia maji kifuani na mikononi.

"Nilikukasirikia, mwanangu, na hasira hiyo naitoa leo. Mimi ndiye niliyekosea. Shamba nimempa ndugu yako, wewe hukuumbiwa jembe." Akapiga funda la pili. "Kazi hii isikuponyoke. Wakubwa wako wasikuachilie kamwe. Uzeeke mbele ya mashine hii, mikono yako ikiwa mizima."

Baraka ya mzazi haibishwi. Niliinamisha kichwa, maji yakinichuruzika ndani ya ovaroli, na nikalia kwa sauti mbele ya watu wote. Baba alidhani ni furaha. Akanifuta machozi kwa kiganja chake, akamshukuru Kalasinga, akaenda kusubiri lori la kurudi.