Injini ya Dada na Shamba la Juu

Shamba la maharage la mama, kule Bombo, liko juu ya mfereji, na maji hayapandi kilima kwa kubembelezwa. Maji ya ndiva, bwawa letu la pamoja, hutolewa kwa zamu. Yetu ni Jumatatu na Alhamisi, mwisho saa sita mchana. Pampu yetu ya kwanza, ya mipigo minne kama injini ya pikipiki, ilipandisha maji kwa kusuasua. Ya pili, ya mipigo miwili kama msumeno wa mnyororo, ilikuwa na nguvu, ila kwa petroli haishibi. Mama akatuambia maharage yakikauka tena, shamba lile analiacha.

Dada yangu ni fundi pikipiki Same mjini, nami najivunia bila haya. Alichukua injini ya pikipiki, ya mipigo minne, akaifundisha ujanja wa mipigo miwili: pistoni ikishuka, isukume hewa na petroli kutoka tumboni mwa injini kwenda juu. Pistoni hushuka mara mbili, valvu ya kuingizia hufunguka mara moja, basi injini hupata pumzi mbili kwa mlipuko mmoja. Nguvu ikaongezeka, na petroli haikutoroka mbichi na moshi kama kwenye ile ya mipigo miwili. Tatizo, tumbo lile halikuweza tena kutunza oili. Ilibidi oili ichanganywe kwenye petroli, kama ya msumeno wa mnyororo.

Alinieleza yote hayo. Jumatatu ile maji yakapanda hadi nikataka kucheka. Dada alikuwa juu na mama, ameshika mpira wa maji, mimi chini na pampu. Petroli ya tangini ilipokaribia kuisha, nikajaza petroli tupu. Macho yaliona injini ya pikipiki, mkono ukafuata mazoea.

Haukupita muda, dada akasikia mlio umebadilika. Akashuka mbio, akazima.

“Iwashe, imebaki mistari mitatu tu ya maharage,” mama akasema, akimfuata.

“Ikiendelea itakwama, mama.”

Dada akamwaga petroli yote, akachanganya upya, akawasha. Mstari mmoja ukalowa, saa sita ikafika, jirani akageuzia maji kwake.

“Ni mimi, mama,” nikasema. “Nimesahau oili.”

“Kosa ni langu,” dada akasema. “Injini inayomdanganya mtu haijaisha kutengenezwa.”

Mama akaitazama mistari miwili mikavu, kisha sehemu nyingine yote ya shamba iliyolowa, ambako maji hayakuwahi kufika namna ile tangu aolewe.

“Basi imalize,” akasema. “Alhamisi ni zamu yetu.”