Mguu Uliopakwa Samli

Mwaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, ushirika ulimwondoa Masele kwenye kinu cha kuchambulia pamba, kinu kilekile kilichomkata mguu. Misheni walimpa mguu wa bandia uliokwisha kutumika Ulaya, mweusi, mwepesi kama bua la mtama, wa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Sasa unyayo wake ulikuwa umebanduka, na wakala mmoja wa wanunuzi hao alitaka mtu wa kupima pamba kwenye mizani kuanzia Jumatatu.

"Nitakuchukua," alimwambia Masele, "ukiweza kusimama kutwa."

Masele aliijua gundi. Alisugua pande zote mbili za kuungia, mguu na unyayo, kwa msasa mpaka mng'ao ukaisha, akapangusa kwa spiriti.

"Mbona unaukwaruza, baba Joyness?" mkewe Felisita aliuliza.

"Gundi ni kama kupe, haing'ang'anii panapoteleza. Hapa asiguse mtu."

Akaenda mjini kutafuta gundi. Huku nyuma mama yake, Ng'washi, akatoka na kibuyu cha samli. Aliuona mguu umepauka, akauhurumia kama ngozi mpya: kikavu hupasuka. Akaupaka palepale pa kuungia, akapangusa kwa kanga hata pasionekane kitu.

Felisita aliona yote kutoka jikoni. "Mayu..." alimwita mama mkwe wake.

"Nini? Na hili utanifundisha, mkwe?"

Felisita akarudi kwenye moto wake. Masele aliporudi, Felisita hakumwambia habari ya samli, akamshikia mguu alipokuwa akiufunga kwa mpira wa baiskeli ukauke.

Jumatatu unyayo ulishika hadi saa nne asubuhi. Masele alipoinua gunia la tatu, unyayo ukabaki chini, yeye akaangukia pamba.

"Dume kaacha kwato!" Limbu, jirani yao, alipaza sauti, na foleni nzima ikacheka. Mchana Limbu ndiye aliyesimama kwenye mizani.

Nyumbani Masele alinusa palipobanduka. "Samli. Nani kapaka?"

"Mimi, mwanangu," mama yake alijibu. "Ulikuwa mkavu, maskini."

Mama hagombezwi. Masele akamgeukia mkewe.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukaona?"

"Niliona."

Hakumpiga wala hakumtukana. Aliingia chumbani na msasa wake, akafunga mlango kwa komeo. Safari hiyo unyayo ulishika miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakumwomba tena Felisita amshikie kitu.