Mjane Nyuma ya Nguzo

Kanisa la Wakongo la mjini Garland, Texas, lilipohamia kwenye jengo lililokuwa baa, Clothilde alikataa kwenda. Alikuwa mjane mzaliwa wa Uvira, Kongo, mfungaji wa mizigo kwenye ghala.

"Miye siwezi kuomba Mungu kwenye nyumba ya pombe," alimwambia mchungaji wao, Pasteur Gracien.

"Ukuje uone tu, mama."

Jumapili iliyofuata rafiki yake Josiane alimpitia na gari, naye Clothilde akakosa kisingizio cha kubaki. Baa ile ilikuwa imejengwa Uingereza karne nyingi zilizopita. Tajiri mmoja aliinunua, akaifumua mti kwa mti, akaisimamisha upya Texas. Nguzo na boriti zake za mwaloni zilikuwa nyeusi, zimepindapinda, zimeshikana kwa vigingi vya mti bila msumari. Dari ilikuwa chini sana hivi kwamba warefu waliingia wameinama. Mahali plasta ilipobanduka, Clothilde aliona fito zilizokandikwa udongo, kama ukuta wa kwao. Akaupapasa. Kisha akaketi nyuma ya nguzo nene ya katikati, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, akamlilia mumewe Kalume kwa mara ya kwanza tangu wamzike.

Akawa anakaa hapo kila ibada.

Miezi ilipita. Wazee wa kanisa wakaitisha kikao: nguzo ile inawaziba watu wasione madhabahu, afadhali ikatwe. Clothilde, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni, alisimama.

"Mukikata hii, miye nitalia wapi?"

Josiane aligeuka akamtazama.

"Mama Clothilde, kumbe ungali unalia? Si uliniambia umeshapoa?"

"Ningekuambia nini? Kila mtu iko na mizigo yake."

Fundi aliyeitwa kukagua alisema nguzo ile ndiyo inayobeba sakafu yote ya juu. Hapo mjadala ukaisha, wakahamishia madhabahu ubavuni. Lakini Pasteur Gracien hakusubiri jibu la fundi. Jioni ya kikao alikwenda na mkewe kwa Clothilde, wakakaa naye hadi chakula kikaiva.

Josiane naye akaanza kumpitia wakitoka kazini. Walitwanga sombe, majani ya muhogo, wakazungumza habari za Kalume, hata vichekesho vyake. Kwaya ilipomwomba Clothilde aimbe sauti ya pili, alisema atafikiri. Jumamosi akaenda mazoezini.