Maziwa ya Mbuzi kwa Watoto wa Mbwa

Nilipopangiwa kufundisha kijiji cha Kagerankanda, huku magharibi upande wa Burundi, nyumba niliyopewa ilikuwa na mbwa. Mwalimu aliyeishi humo kabla yangu alihamishwa, akabeba vitanda na kuku, mbwa akamwacha. Alikuwa jike mwembamba, rangi ya udongo. Mimi ni binti wa Tanga, nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa akikatiza uani anafukuzwa kwa ufagio. Huyu sikumfukuza, lakini sikumgusa pia. Nilimwekea ukoko wa ugali kwenye sufuria bovu nyuma ya jiko, naye alisubiri niingie ndani ndipo ale. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka bila kusumbuana.

Mimba yake niliiona ikiwa imeshakua. Nikamwongezea chakula, basi. Niliamini mbwa anajua kuzaa kuliko mimi ninavyojua kumsaidia.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baridi ya huku juu ikiwa imetanda, nilisikia vilio vyembamba kutoka banda la kuni. Nilidhani ni vifaranga vya ndege. Nilipochungulia nikaona watoto wa mbwa wametawanyika juu ya vumbi la magome, kila mmoja peke yake, wanatikisa vichwa kutafuta kitu. Walikuwa sita. Wawili hawakutikisika. Mama yao hakuwepo bandani. Alikuwa amejilaza kwenye ua, mahali jua linapoanzia kupiga, amegeuzia banda mgongo.

Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikawabeba wanne waliokuwa hai kwenye khanga kuukuu, nikawaweka mbele ya tumbo lake. Akanguruma. Nikasogea nyuma, nikasubiri. Mmoja alijikokota mpaka kwenye titi, na alipoligusa tu, mama akaruka kama aliyechomwa na moto, akaenda kulala upande mwingine wa ua. Nikajaribu tena. Safari hii alionyesha meno, akaondoka kabisa.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama mmoja mkulima, mjane, mwenye mbuzi na shamba la mahindi linalopakana na uwanja wa shule. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku, na uraia waliupata akiwa tayari ana watoto. Nyumbani kwake walizungumza Kirundi. Mimi alinisemesha Kiswahili, ila “ndiyo” na “hapana” za Kirundi hakuziacha: alisema “ego” na “oya” hata mbele ya mkuu wa shule.

Nilimkuta anakamua.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba, mwalimu. Mbona umebeba nguo kama umebeba mtoto?”

Nikamfunulia. Akatazama bila kushika, akakunja uso.

“Mama yao amekufa?”

“Yuko mzima. Anawakataa.”

“Basi ana sababu,” akasema. Kisha akaendelea kukamua, na mimi nikabaki nimesimama. Alipomaliza akanyanyuka na kopo lake. “Ngedere wanamaliza mahindi yangu, mwalimu. Nikikupa maziwa, wakipona, ninachukua jike moja. Tumekubaliana?”

“Tumekubaliana.”

“Haya, ingia ndani. Hawa wamepoa. Ukiwapa maziwa wakiwa na baridi hivi, watakufa nayo tumboni. Hata mwana-mbuzi ndivyo alivyo.”

Tukajaza maji ya moto kwenye chupa mbili za plastiki, tukazifunga kwa vitenge, tukaziweka ndani ya boksi na watoto katikati. Ilichukua muda mpaka wakaanza kulia kwa nguvu. Hapo ndipo akamchukua mmoja, akamlaza chali kwenye kiganja kama mtoto mchanga wa mtu, akamdondoshea maziwa kwa kijiko. Mtoto akakakamaa. Maziwa yakatokea puani.

“Yoo! Mgeuze, mgeuze!” akapiga kelele, ingawa aliyemshika ni yeye. Nikampokonya, nikamwinamisha yule mtoto kichwa chini, nikampapasa mgongo mpaka akapiga chafya. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeshanivuka mikononi bila mimi kujua. Hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kushika mbwa kwa mkono mtupu. Alikuwa na joto, na moyo wake ulipiga haraka mno.

Tukampigia simu bwana mifugo wa kata. Alikuwa kijiji cha Rungwe Mpya kwenye kazi ya chanjo, lakini alituelekeza. Mtoto wa mbwa hulishwa akiwa amelalia tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama vile ananyonya. Tutumie sirinji isiyo na sindano, tone kwa tone, na maziwa yawe vuguvugu. Kisha akauliza, “Wamejisaidia?”

Hatukujua.

“Hawawezi peke yao. Mama yao huwalamba ndipo mkojo utoke. Chukueni kitambaa laini, kilowesheni maji vuguvugu, muwapanguse huko chini kila baada ya kula.”

Jirani alikuwa anasikiliza simu iliyowekwa sauti ya juu. Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. “Kwa hiyo mimi sasa ndiye ulimi wa mbwa!” Lakini kitambaa alikitafuta yeye, akakata kipande cha fulana ya zamani. Yule wa kwanza kupanguswa alikojoa papo hapo, tumbo lililokuwa limekaza kama mpira likalegea, akalala.

Bwana mifugo alifika kesho yake kwa pikipiki. Kumkamata mama yao kulitutoa jasho. Ilibidi tumfungie jikoni na kumfunga mdomo kwa kamba ya kitambaa. Alipomgeuza tukaona wenyewe. Matiti ya nyuma yalikuwa yamevimba, mekundu, magumu, na moja lilitoa usaha.

“Sikieni lilivyo na moto,” akasema, akauvuta mkono wangu. Niliugusa ule uvimbe. “Kila mtoto akivuta hapa, ni kama anamkata kwa kisu. Na maziwa yenyewe yameharibika. Msiwarudishe kwake.”

Akamchoma sindano, akaniachia vidonge vya kuchanganya kwenye chakula. Kuanzia asubuhi ya jana yake nilikuwa nimemkasirikia yule mbwa. Nilikuwa nimeshamwita mama mbaya, kwa sauti, mara kadhaa. Jioni hiyo nilimkorogea uji na dagaa.

Baba yangu alipiga simu siku hizo, na kwa kuwa ananijua sauti, akauliza nina nini. Nikamweleza. Niliogopa kidogo atakachosema. Akasema, “Mnyama ana roho, mwanangu. Tenga nguo za kazi hiyo. Mate yakikugusa, jitoharishe kama ulivyofundishwa, kisha uswali. Wanakula vizuri?” Mama alisikika nyuma yake akiuliza nani anakula, na baba akamjibu kuwa ni wanafunzi.

Tukagawana kazi. Mimi nikiwa darasani, boksi lilikaa kwa jirani. Yeye akienda shambani, nililibeba hadi ofisi ya walimu na kuliweka chini ya meza yangu. Usiku nililala nao chumbani, nikaamka kila walipolia, na asubuhi niliandika ubaoni huku macho yanafumba. Mkuu wa shule aliingia ofisini siku moja akakuta nina mtoto wa mbwa kiganjani na sirinji mkononi. Akasimama.

“Mwalimu, hiyo ni mada ya somo gani?”

“Baiolojia, mkuu.”

“Wewe si unafundisha Jiografia?”

Akatoka. Kesho yake alileta blanketi la mtoto, akalitupa juu ya meza yangu.

Mmoja tulimpoteza. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, hakuwa na nguvu ya kunyonya sirinji. Maziwa yalikaa mdomoni na kumwagika. Jirani alimweka kifuani ndani ya blauzi yake mchana kutwa, akipalilia maharage naye humo humo. Nilipotoka shuleni nikamkuta ameketi kwenye tuta, jembe pembeni, anamwimbia kwa Kirundi, “Hora, hora,” kama wanavyombembeleza mtoto anayelia. Lakini huyu hakuwa analia. Nikakaa karibu yake.

“Ameshakwenda, mama.”

“Ego. Najua. Nilikuwa ninamaliza tu.”

Tulimzika palepale mwisho wa tuta. Hakutaka nimsaidie kuchimba.

Watatu waliobaki walifumbua macho, na baada ya hapo mambo yakaenda upesi. Walianza kutoka kwenye boksi. Tukaacha sirinji, tukawawekea uji mwepesi wa maziwa kwenye sahani pana, nao wakauingia kwa miguu. Mama yao alikuwa amepona, uvimbe umekwisha, maziwa yamekauka. Alikuja kuangalia. Siku ya kwanza alikula ule uji wote, watoto wakibaki wanalamba sahani tupu, na jirani akamtukana kwa lugha zote alizokuwa nazo. Siku ya pili nilimwekea wake kando. Alipomaliza, akawafuata watoto, akanusa mmoja mmoja. Kisha akaanza kuwalamba uji uliowaganda usoni. Mmoja akaingiza kichwa chini ya tumbo lake, akatafuta titi. Nilijiandaa kumwondoa. Mama hakunguruma. Alisimama tu, akamwacha avute titi lisilo na kitu mpaka akachoka mwenyewe.

Jirani alichagua jike lake, mwenye doa jeupe shingoni. Hakusubiri akue, alimpeleka shambani akiwa bado anajikwaa kwenye matuta, ili ngedere, alisema, waanze kumjua kwa ubaya. Wa pili nilibaki naye.

Wa tatu alitakwa na mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo, aliyekuwa anafundisha Busunzu, kule Kibondo. Nilimpeleka mwenyewe kwa basi wakati wa likizo, ndani ya kikapu chenye kifuniko. Alitapika mara mbili njiani na kulia mfululizo, mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kuuliza kama nimebeba mtoto au redio. Rafiki yangu alitupokea kituoni na binti yake mdogo. Binti akamkumbatia mbwa kabla sijakifungua kikapu vizuri, akaniuliza, “Shangazi, mama yake atamlilia?”

Nikamwambia sijui. Akafikiri kidogo, akamfunika kwa sweta lake, tukaanza kutembea kwenda kwao, yeye mbele na mbwa, sisi nyuma tukisalimiana vizuri sasa na kuulizana habari za kazi.