Penseli ya Mchora Ramani
Kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, mchora ramani wa ofisi ya visima huilaza penseli mezani, huitazama ikibingirika kuelekea dirishani, kisha huidaka kabla haijaanguka. "Bado umeinama, bibi wee," huiambia meza. Leo wachimbaji wanapiga honi nje, wakingoja ramani ya msichana mgeni kazini. Penseli ikibingirika, msichana anashtuka: kwa vipimo vya visima vya bondeni amekisia kina cha maji kwenye shule ya kilimani, kwa hesabu ya kukadiria pasipopimwa iitwayo kriging, ile ya kawaida, kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Wanafunzi watachimbiwa shimo kavu! Anajikaza, anamgeukia mchora ramani. "Mzee, nitumie kriging ipi?"

"Toa mteremko kwenye vipimo kwanza, mwanangu, fanya kriging kwa kilichobaki, halafu uurudishe kwenye jibu. Wenye honi watangoja."