Televisheni Iliyokataa Kurithiwa

Kutoka Muheza hadi Nkome, mtu mwenye akili zake anafika baada ya siku chache. Mimi nilitumia karibu miaka minne. Nilikuwa na kidato cha nne, bisibisi tatu, chuma cha kulehemu na ugonjwa wa kuamini kwamba kila treni ikisimama inanisubiri mimi nishuke. Tabora nilishuka kwa ajili ya asali. Shinyanga nilishuka kwa ajili ya kuku. Bibi mmoja wa daraja la tatu alinipa kuku wake nimshikie, akashuka Shinyanga akamsahau. Nikaruka kumkimbilia, na niliporudi treni ilikuwa imeondoka na sanduku langu. Nikabaki na kifuko cha vifaa na baraka za yule bibi. Ndivyo nilivyohamia Usukumani.

Maganzo nilitengeneza redio za wachimba almasi, watu wenye redio kubwa kama jeneza na suruali moja. Kisha kila mtu akaanza kuimba dhahabu ya Geita, nami nikapanda lori la mashudu hadi Mwanza, nikavuka Busisi kwa kivuko, nikafika Geita nikiwa na vumbi la kutosha kupandia viazi. Huko mafundi redio walikuwa wengi kuliko redio. Nikasukumwa na njaa mpaka ardhi ikaisha, na pale ilipoishia, kwenye maji ya ziwa, palikuwa Nkome: mitumbwi, dagaa wameanikwa mchangani, na harufu ambayo baada ya wiki moja unaiita hewa.

Nkome ilikuwa na televisheni moja. Miaka ile Bara hatukuwa na kituo hata kimoja, kwa hiyo mwenye nayo, mfanyabiashara wa samaki mwenye asili ya Tabora, alikuwa na deki ya video, na banda lake la nyasi lilijaa wavuvi kila jioni kutazama picha za karate. Antena alikuwa nayo pia, juu ya mlingoti mrefu kuliko msikiti. Ilinasa chenga tupu, na siku za bahati msoma habari wa ng'ambo ya ziwa mwenye vichwa vitatu. Umeme ulitoka kwa jenereta ya jirani, mvuvi wa Kisukuma, aliyelipwa kwa kuingia bure na kukaa mbele.

Mwaka wangu wa pili pale, yule mfanyabiashara alikufa kwa homa. Wiki hiyo hiyo televisheni ikagoma kuwaka. Mtaa mzima ukasema imemfuata bwana wake. Hata shehe aliitaja kwenye mawaidha, kwa upole, kama mtu anayemtaja mjane mdogo.

Asubuhi ya arobaini nikaitwa. Mjane alikuwa kwenye eda, hivyo hakuonekana. Alikaa chumbani nyuma ya pazia, na sebuleni aliwekwa bibi mmoja jirani alinde heshima. Bibi yule alisinzia kabla sijafungua skrubu ya kwanza.

"Fundi," pazia likasema, "itapona?"

"Kwanza tujue inaumwa nini, mama."

"Wasema watu imekufa kwa huzuni."

"Kama ingekuwa ya huzuni, ingekufa siku ile mlipoonyesha picha ya Kihindi mara mbili."

Nilisikia kicheko kikikatwa katikati, maana mjane hacheki. Nikatoa mgongo wa televisheni. Ndani mlikuwa na magamba ya dagaa, mende, na mjusi aliyekauka akiwa ametulia kama karani. Nikaanza pale anapoanza fundi yeyote asiye na haraka ya kujionyesha: waya wa ukutani, plagi, swichi. Vyote vizima. Kisha nikachomoa fyuzi na ugonjwa ukaanza kusema. Fyuzi ilikuwa imeungua zamani, na mtu akaivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Karatasi ile ni dawa ya kitaifa. Inapitisha umeme wote unaokuja, wa halali na wa haramu, na hailindi kitu.

"Nani alitia karatasi hii?"

"Marehemu."

"Na nani alikuwa anawasha jenereta?"

"Jirani. Akiona wanaanza kupigana kwenye picha anaongeza moto, eti mateke yaende kasi."

Basi, kesi ikaisha. Jirani aliongeza moto, karatasi ikaukaribisha ndani, na daiodi moja pale umeme unapoingilia ikapasuka. Nikachomoa daiodi kutoka kwenye redio yangu mwenyewe iliyokuwa inangoja Kiyama, nikalehemu, nikatia fyuzi halali, nikamtuma jirani awashe jenereta na nikamwapisha asiguse kitu. Kioo kikavuta pumzi. Nywele za mkono wangu zikasimama. Halafu chenga zikajaa, nzuri kama mvua.

Nikaiacha iwake muda mrefu, nijisifu. Nilidhani pazia litapiga vigelegele.

"Imepona kabisa?" likauliza.

"Kabisa."

"Basi irudishe ilivyokuwa."

Nikadhani sikusikia.

"Mashemeji zangu wanaingia leo kugawa mali," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, karibu na upenyo. "Mkubwa anachukua kila kinachotembea na kinachong'aa. Mimi na wanangu wawili wa kike tutabaki na misumari ya ukutani. Ile ndiyo jembe langu nikimaliza eda, fundi. Iwe mbovu mpaka waondoke."

"Mama, mimi kazi yangu ni kufufua."

"Sasa leo zika."

Nikachomoa fyuzi. Mkono wenye hina iliyofifia ukatoka kwenye pazia, ukaipokea, na nikajua imeenda kukaa kwenye pindo la khanga, mahali ambapo hata mzimu hauthubutu kupekua. Yule bibi mlinzi akafumbua jicho moja. "Wabeja," akamwambia mjane, asante ya Kisukuma yenye hongera ndani, akalifumba.

Wakafika baada ya adhuhuri, ndugu wawili kutoka Shinyanga mjini. Mkubwa alikuwa mchuuzi wa nguo wa minadani, tumbo mbele, sheria mdomoni. Mdogo alikuwa mwembamba na mkimya, amefanya kazi karakana ya mgodini. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa, mgawo ukaanza. Fungu la mabinti, yule mkubwa alilipita kasi kama mtu anayeruka dimbwi.

"Mke ana thumuni yake," akatangaza. "Hilo ni neno la Mungu. Lakini thumuni ya televisheni ni ipi? Kitufe cha sauti? Kitu kama hiki hakigawanyiki, nitakaa nacho mimi kwa niaba ya wote."

"Shikamoo shemeji," pazia likasema kwa unyonge ambao sikuwahi kuusikia asubuhi. "Chukua tu. Lakini imekufa. Muulize fundi."

Jenereta ikawashwa, nikabonyeza swichi. Kimya. Nikabonyeza tena kwa huzuni ya kitaalamu. Nikafungua mgongo, nikamwonyesha mjusi.

"Ndiye aliyeiua?"

"Walikufa pamoja, mzee."

"Na hiki kidude cha chini?" Alikuwa anaisogezea deki kiatu.

"Hilo ini lake. Nalo limekufa."

Akafikiri. Halafu akasema neno ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sanduku lakini ni zuri. Toa hayo matumbo ubakize sanduku. Kuku wangu anayeatamia atakaa humo vizuri sana, atachungulia kwenye kioo."

Akibeba sanduku, kabeba kila kitu. Nikaona hakuna njia ila kumtisha.

"Mzee, tyubu hii ya kioo inaua," nikasema, na huo haukuwa uongo. Nikafunga waya kwenye bisibisi, ncha nyingine kwenye bati la ndani, nikaipenyeza bisibisi chini ya kile kikombe cha mpira mgongoni mwa kioo. *Paa!* Cheche ya buluu ikaruka. Mkubwa naye akaruka, akatua kwenye sinia la wali.

"Astaghfirullah! Hata ikifa inauma?"

"Hasa ikifa."

"Ibaki! Ibaki na mwenyewe! Mimi sirithi shetani!" Akawa anapangusa wali kwenye kanzu na kuchagua upya: baiskeli, makochi, mashine ya boti.

Sikuwa nimeona kwamba yule mdogo amesogea. Aliweka kiganja juu ya tyubu, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Kisha akainama kwenye sikio langu.

"Fundi, maiti hii ya lini?"

"Tangu marehemu, ndugu yangu."

"Na mpaka leo ina moto?"

Cheche ile ni akiba ya televisheni iliyowaka siku hiyo hiyo. Nilijua mimi, na kwa bahati mbaya karakana ya mgodini nayo ilijua.

"Hizi za kigeni," nikasema, "hukawia kupoa."

Akanitazama, akarudi kukaa karibu na kaka yake, akaanza kumhesabia makochi.

Kesho yake mkubwa alipakia makochi yake kwenye gari na kuondoka. Mdogo alibaki nyuma kidogo, akanikuta kando ya maji, nimesimama katikati ya dagaa nikijifanya nawaangalia.

"Nilikuja Geita kutafuta dhahabu, nikapata homa," akasema. "Shemeji ndiye alininywesha uji, tena kwa kunitukana, kijiko na tusi. Kwa hiyo televisheni ni yake. Lakini wewe uondoke."

"Mimi nimefanya nini?"

"Kaka anapita huku kila mnada. Ikiwaka wewe ukiwepo, utakuwa mwongo, na shemeji atakuwa mwizi. Ikiwaka wewe umekwenda, watu watasema amekuja fundi wa Mwanza, anayeijua kazi. Hapo wewe utakuwa mjinga tu. Mjinga hashitakiwi."

Nilibishana. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na sasa nitoke pale nikiitwa fundi aliyeshindwa? Akanisikiliza mpaka mwisho, akaokota dagaa mmoja aliyekauka, akamtafuna. "Una kitu kingine cha kupoteza?" akauliza. Nikatafuta, nikakosa.

Nikapanda lori la dagaa asubuhi iliyofuata. Habari za fundi aliyeshindwa zilikuwa zimeshanitangulia, maana mjane alizimwaga mwenyewe kupitia dirishani. Lori lilipopita mbele ya nyumba yake, sauti ikatoka nyuma ya pazia, mtaa mzima usikie:

"Nenda, fundi wa kuua mali za mayatima! Hata tochi usiguse huko uendako!"

Abiria waliokaa juu ya magunia wakacheka mpaka mmoja akakohoa. "Fundi wa mazishi!" wakaniita. "Nina saa imesimama, usiiangalie, itaoza!" Binti yake mdogo akakimbia kando ya lori, akanirushia kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na sato wa kukaanga, mkubwa, wa moto bado. Nikala huku natukanwa. Sijawahi kula samaki mtamu namna ile, na nimekula samaki wengi tangu wakati huo, miji mingi, nina miaka arobaini na kitu sasa na bado sijajifunza kukaa.

Tulikuwa tumeanza kupanda kilima pale jenereta iliposikika nyuma yetu. Mjane hakungoja fundi wa Mwanza, hakungoja hata vumbi letu litue. Mngurumo ulikuwa wa taratibu, bila kuongezwa moto.

"Nani anawasha jenereta asubuhi yote hii?" dereva akauliza.

"Mashine ya kusaga hiyo," nikamjibu haraka, mdomo umejaa samaki.

Nkome wakati huo haikuwa na mashine ya kusaga. Dereva akanitazama, akamtazama sato, akabadili gia.