Kengele ya Hatari

Juzi niliona kwenye simu picha ya mafundi wakipaka rangi meli ya kivita ya makumbusho iliyopo Hamilton, na ile harufu ya mafuta ya mashine ikanirudia puani.

Baba alitupeleka huko, mimi na mama, mwaka wetu wa kwanza Toronto. Tangu tukimbie vita kwetu Uvira nilikuwa sijaona silaha, na mizinga ya pale ilikuwa mirefu kuliko nyumba tuliyoiacha. Niliamini tumepandishwa ili turudishwe vitani. Baba aliposhuka ngazi kutazama vyumba vya chini, nilizikodolea macho kamba za meli, nikiogopa kwamba mtu atazifungua.

Mara kengele ya hatari ikalia. Wageni wengine walicheka, maana mwongozaji alikuwa akiwaonyesha tu inavyofanya kazi. Mimi nilimponyoka mama, nikashuka mbio kumwita baba tukimbie.

Nilimkuta amechuchumaa nyuma ya vitanda vya mabaharia, mikono kichwani.

"Baba, unafanya nini?"

"Kifungo cha shati kimeanguka, mwanangu. Nakitafuta."

Nilipiga magoti kwenye chuma baridi, nikapapasa sakafu pamoja naye mpaka kengele iliponyamaza. Hofu ilinipungua, kwa sababu mtu anayetafuta kifungo hawezi kuwa anakwenda vitani.

Kwenye basi la kurudi niliona vifungo vyake vyote vipo. Nikamwambia mama kwamba baba alikipata kifungo chake. Mama alimshika baba mkono, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.